Uso wa Ngozi, Uso wa Ubao

Mfungo Saba, mwezi tatu, Jumapili

Andika, Zuweina. Na usinipambe. Nikisema mijitu, andika mijitu, usiniwekee "baadhi ya watu" kama karatasi ya mudiri wa serikali.

Mie Mwatum binti Duni, wa hapa Wawi, skuli sijaingia hata kuomba maji, lakini masikio ninayo. Juzi kisimani nilisema mvua ya vuli mwaka huu ina haraka. Neno hilo tu. Jana sokoni naulizwa, "Bi Mwatum, ati umesema serikali ina haraka?" Basi nimeona maneno yangu yakae mahali pamoja na siku zake, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama. Akija mtu kusema Bi Mwatum kasema kadha wa kadha, namwambia ngoja, Zuweina, lete daftari.

Unaandika weye kwa sababu sina mwengine. Soud mwanangu anajua herufi za msahafu. Hizi za kutoka kushoto hazijui. Weye mkewe umefunzwa na kaka yako huko kwenu Jadida. Lakini usidhani nimesahau kuwa mama yako na Amur wa duka ni watoto wa ndugu. Andika na hilo. Ushaandika? Nisomee. Haya.

Leo asubuhi niliteremsha gambusi la marehemu mume wangu, Mzee Jaribu, nilifute vumbi. Linakaa ukutani juu ya kitanda changu, limefungwa kanga. Kufungua kanga, uso umepasuka! Ile ngozi ya mwanambuzi, niliyoichuna manyoya mie mwenyewe kwa kombe la pwani na majivu, imechanika upande wa kushoto, mstari mmoja kama wembe umepita. Nyuzi mbili nazo zimekatika. Soud kaja, katazama, kasema, "Panya, mama." Panya! Panya hali mstari ulionyooka. Panya si fundi seremala.

Nani kaingia chumbani kwangu? Hilo ndilo nnalotaka kujua.

Maana Mwanawema, mwanenu, anaolewa Micheweni mwezi wa Rajabu, karafuu zikishaanuliwa. Na kwetu mwari hatoki nyumbani mpaka gambusi hili lilie mlangoni. Mie nilitolewa nalo. Wifi zangu walitolewa nalo. Na Mzee Jaribu alipokuwa taabani alinishika mkono akanambia, "Mwatum, wajukuu watolewe nalo. Na lisitiwe ubao. Ubao kamwe." Ni mwaka wa tano sasa, na sauti yake naisikia.

Basi limechanika miezi mitatu kabla ya harusi, na kura ya Wazungu ni hiyohiyo Januari. Niambie mambo hayo hayajuani.

Mwezi nne, Jumatatu

Mvua. Karafuu hazikuanikwa. Nimemtazama mikono kila aliyeingia.

Mwezi kumi na mbili, Jumanne

Andika vizuri leo.

Kwanza wasiopajua kwetu wajue. Kijiji chetu sasa kina vichwa viwili. Kuna chama cha Juu, baraza yao iko kilimani kwenye duka la Amur. Kuna chama cha Chini, wanakaa bondeni penye machinjio ya Jecha. Majina yao marefu nayajua, ila sitaki yaingie humu. Wa Juu hanunui nyama kwa Jecha. Wa Chini hanunui hata kiberiti kwa Amur. Mtu akifa wanatazamana kwanza nani achimbe.

Mie nilikuwa simo. Mie na majamvi yangu ya karafuu tu.

Sasa gambusi linataka vitu viwili: ngozi na nyuzi. Zamani nyuzi tukisokota utumbo wa mbuzi, unanuka siku saba nyumba nzima. Siku hizi ni mishipi ya nailoni, hiyohiyo ya kuvulia samaki, na katika Wawi yote anayo Amur peke yake. Nikapanda kilima.

"Masalkheri, Amur."

"Masalkheri, Bi Mwatum! Karibu mama, karibu. Kahawa?"

Nikaona hilo la kahawa. Amur hatoi kahawa bure.

"Nataka mshipi wa nailoni. Mwembamba, na ule mnene kidogo."

"Upo. Kadi unayo?"

"Kadi ya nini? Nakwenda kuwavua watu?"

Waliokaa barazani wakacheka. Amur hakucheka, kavuta kiti karibu. "Mama, siku hizi duka letu ni la watu wetu. Lakini nikwambie kitu cha maana. Hilo gambusi la marehemu, ngozi ya nini? Likinyeshewa linalegea, mpaka ulioteshe moto ndio liseme. Redioni unalisikia gambusi? Unasikia udi wa Misri, uso wa ubao, sauti kama mtu anaongea na weye. Tupe sisi. Yuko fundi Chake, atalitia ubao, atazidisha nyuzi, na Soud atapiga kwenye mkutano wetu mkubwa. Heshima hiyo!"

Nikamuuliza, "Nani kakwambia limechanika?"

Akafuta mizani. Halafu akasema, "Mambo husikika."

Husikika! Mie nimemwambia nani? Soud. Na weye unayeandika. Usinitazame, andika.

Mwezi kumi na sita, Jumamosi

Jua kali, alhamdulillahi, majamvi yote yamejaa. Alasiri nimekwenda bondeni kwa Jecha kutaka ngozi. Naye alikuwa keshajua.

"Bi Mwatum, gambusi ni la Waarabu lile," kanambia huku ananoa kisu. "Lilikuja na Washihiri. Waachie wenyewe. Au njoo kwetu, jiunge, ngozi utapewa bure, nasi tutalipaka rangi zetu tuliite zeze la wakulima."

"Zeze lina kibuyu na uzi mmoja, Jecha. Hili lina nyuzi sita na tumbo la mfenesi. Ng'ombe ukimpaka rangi atakuwa paa?"

"Siku hizi kitu ni jina lake, mama."

"Basi sikiliza. Siku uliyotahiriwa gambusi la Waarabu lilipigwa mlangoni kwenu mpaka jioni, na ulilia wewe kuliko lenyewe."

Vijana wa machinjioni wakapiga makofi. Jecha kacheka mpaka kisu kikamwanguka. Lakini ngozi hakutoa. "Kadi, Bi Mwatum. Bila kadi nitaulizwa mie."

Nimerudi njiani nasema peke yangu. Yule juu anasema gambusi ni ushamba, haliwi Uarabu mpaka litiwe ubao. Yule chini anasema ni Uarabu, haliwi letu mpaka lipakwe rangi. Na ngozi yuko nayo mmoja, na nyuzi yuko nazo mwengine. Kijiji kilivyogawanyika, gambusi zima halitengenezeki tena. Utapata uso usiwe na nyuzi, au nyuzi zisiwe na uso.

Mwezi kumi na tisa, Jumanne

Meno. Sikula.

Mwezi ishirini na nne, Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Tumeanua karafuu mbichi, zimejaa ndani mpaka chini ya kitanda, nyumba nzima inawasha macho. Hakuna la kufanya ila kusema.

Nimemwona Soud na Amur chini ya paa la banda, wanaongea vichwa vimegusana. Nilipokohoa wakaanza kuzungumza bei ya makonyo ya karafuu. Bei ya makonyo hainong'onwi.

Nilimuuliza usoni pake, "Soud, unataka litiwe ubao?"

Kanambia, "Mama, mie nataka lisikike. La ngozi analisikia aliye ukumbini tu. Watu mia mbili uwanjani hawalisikii."

"Watu mia mbili uwanjani hawaozwi."

Kaondoka. Hodari wa kuondoka huyo, kama babake. Zuweina kaniambia nisimkere mume wake. Nimemwambia aandike kuwa kanambia.

Lakini babake alikuwa mtu wa msimamo. Kitu chake hakikubadilika. Alilifanya gambusi kama babake alivyolifanya, na babake alifunzwa na baharia Mshihiri aliyeugua akauguzwa kwao. Lilikuwa na nyuzi nne. Hizo mbili alizidisha pale santuri zilipokuja na nyimbo zikawa ndefu. Na zilikuwa za utumbo, halafu za hariri alipofungua Mhindi duka, halafu hariri ikapotea, ikaja nailoni. Lakini ukitoa hayo, halikubadilika.

Unacheka nini?

Mfungo Nane, mwezi pili, Jumapili

Leo nimefanya jambo. Funga mlango kwanza.

Asubuhi nimepanda kwa Amur. Nikasema, nimeona haki iko Juu. Wakafurahi, wakapiga kelele, Bakar karani wao kanishika dole gumba kalichovya wino kalibandika kwenye kadi. Nikapata kadi, na mishipi ya nailoni miwili.

Nikarudi nyumbani, nikakata ndimu, nikasugua dole mpaka likawa jekundu. Adhuhuri nikateremka kwa Jecha. Nikasema, nimeona haki iko Chini. Mabruki karani wao kanitazama kidole. "Bi Mwatum, mbona kimechubuka?"

"Karafuu," nikamwambia. "Nimechambua pishi ngapi weye hujui."

Akachovya. Nikapata kadi ya pili na ngozi ya mwanambuzi, nyeupe, haina hata alama ya kupe.

Vyote viwili viko chini ya godoro langu. Kadi nimezitia mbalimbali, moja kichwani moja miguuni, zisije zikagombana.

Nimekuambia weye kwa sababu lazima liandikwe. Likitoka nje najua limetoka wapi.

Mwezi tatu, Jumatatu

Ngozi imo ndani ya maji ya chokaa. Jirani kauliza kunanuka nini. Nimemwambia, "Mume wako."

Mwezi kumi, Jumatatu

Kaa karibu. Leo ni ndefu.

Soud alikuwa karafuuni, kapanda. Nikasema leo nibandue ngozi mbovu mwenyewe. Nilikuwa nataka kuutazama ule mkato kwa makini, nijue ni wembe au kisu, na mkono wa nani. Nikang'oa misumari ya mti moja moja, nikavuta ngozi ikatoka.

Ndani ya tumbo la gambusi, ukingoni pande zote, pamechongwa. Pamechongwa kidaraja, upana wa kidole changu kidogo, umezunguka wote kama ukingo wa sanduku unaokaliwa na kifuniko. Na juu yake matundu madogo, mengi, ya misumari ya chuma. Na gundi iliyokauka, nyeusi, nimeikwaruza kwa kucha.

Mie si seremala, lakini nimelala na fundi miaka arubaini. Kidaraja kile si cha ngozi. Ngozi haikai juu ya kidaraja, ngozi hugeuzwa ikafungwa kwa nje. Kile ni cha kukalia ubao.

Na pale kwenye mkato, upande wa kushoto, ukingo ule una makali. Ngozi imekuwa ikilala juu ya makali yale mwaka baada ya mwaka, ikikauka na kulegea, mpaka ikakatika mstari ulionyooka. Hakuna wembe. Hakuna mtu aliyeingia chumbani kwangu.

Nilikaa chini. Nikakuita weye, Zuweina, ukaja na mikono ina unga. Nikakuonyesha. Na uso wako ukanieleza kabla ya mdomo. Nikasema, "Ulikuwa unajua."

Sasa andika uliyosema weye, kwa maneno yako. Mie nitakaa kimya. Naapa.

*Mimi Zuweina naandika. Nilimwambia hivi: Mama, ilikuwa miaka ya vita, mchele kwa kibali, watu wanakula mhogo mkavu. Wakubwa wa Wete walikuwa na baraza yao Jadida, wanasikiliza santuri za Misri, wakataka udi na wao. Meli haziji. Wakamwambia Mzee Jaribu, geuza gambusi lako. Akaligeuza. Kila Alhamisi alasiri akapiga pale, na akilipwa mchele. Baba yangu alikuwa ndiye muuza kahawa wa baraza ile, na mimi mwari nyuma ya pazia naosha vikombe. Nikamsikia. Ndipo aliponiona na kuniposea Soud. Vita vilipokwisha meli zikaleta udi wa kweli na mpigaji kutoka Unguja. Mzee wakamwambia asije tena. Wakamwambia mbele za watu. Alibandua ubao siku ileile, jikoni kwetu, akautia motoni, akanywa kahawa mpaka kukakucha. Siku niliyoletwa hapa Wawi akaniambia, mwanangu, mama yako mkwe asijue. Sikusema mpaka leo.*

Umemaliza? Nipe maji.

Alinambia anakwenda Jadida kuangua nazi. Miaka miwili anaangua nazi kila Alhamisi, na mie namwandalia kanzu safi. Nani anaangua nazi na kanzu safi? Na gambusi nilipouliza, akasema limeingia mdudu, kalipeleka kwa fundi likatiwe dawa. Miaka miwili dawa! Likarudi halina uso, nikamchunia ngozi mie, akaiwamba peke yake.

Na ule mchele niliula. Niliupika, nikawapelekea na majirani, nikajisifu mume wangu hodari wa minazi.

Mie nimewashuku nyote. Nimemshuku Soud, nimekushuku weye, Amur, Jecha, jirani, panya. Hata siku moja sikumshuku aliyelala ubavuni pangu.

Mwezi ishirini na moja, Ijumaa

Siku kumi na moja sikuandikisha. Sikuwa na la kusema, na weye unajua hilo kwangu ni ugonjwa.

Karafuu zinapungua mitini. Mvua, jua, mvua.

Mfungo Tisa, mwezi sita, Jumamosi

Leo tumewamba ngozi.

Soud kaniuliza asubuhi, kwa upole, "Mama, umeona mwenyewe kuwa mzee alitia ubao. Basi kuna haramu gani?"

Nimefikiri siku nyingi, na nilimjibu hivi. Wasia ule nilidhani ni mapenzi ya ngozi. Kumbe ni kidonda. Wale wakubwa walimtaka abadilike, akabadilika, na walipopata kilicho bora wakamtupa na ubao wake. Alichosema kitandani ni, Mwatum, wasije wakamfanyia mwanangu. Leo Amur anakwambia heshima, mkutano, uwanja. Kura ikipita Januari, wataleta udi wa Misri wenyewe na mpigaji wake. Utarudi hapa umeshika kitu ambacho si udi wala si gambusi.

"Labda hawatanitupa," Soud kasema.

"Labda."

"Na wasia hauna nguvu tena, mama. Umesema mwenyewe ni kidonda."

"Hauna. Sasa naitaka ngozi mie. Mwatum. Si kwa ajili ya maiti."

Basi kakubali. Nikamwambia kwanza auondoe ule ukingo wenye makali. Kakaa na patasi na msasa, kafanya kazi hodari. Tukaivuta ngozi ikiwa majimaji, mie napiga misumari, yeye anavuta, Zuweina ameshika tumbo la gambusi kama mzazi anayezaa. Tukaliweka kivulini likauke. Kidogo tulicheka.

Lakini kabla hatujafunika nilipitisha kidole ndani. Makali kayaondoa. Ukingo wenyewe kaubakisha, wote, umelainishwa vizuri sana, tayari kwa kifuniko.

Nikashika misumari, nikamwambia avute ngozi.

Mwezi kumi na tano, Jumatatu

Yamefichuka. Jana vyama vyote viwili vilifanya mkutano, Juu na Chini, saa ile ile, na kila kimoja kikasoma kwa bomba la kupazia sauti majina ya wanachama wapya. Leo kisimani wanawake wawili wamepambanisha. "Kwetu kasomwa Mwatum binti Duni." "Hata kwetu!"

Kabla ya adhuhuri Bakar kaja mlangoni, hata salamu hakutoa.

"Bi Mwatum, weye ni mtu wa wapi?"

"Wa Wawi. Nimezaliwa nyumba ile pale."

"Una kadi mbili!"

"Na weye una masikio mawili, mbona hukatwi moja?"

Kaenda. Kaja Mabruki, maneno yaleyale. Nikampa jibu lilelile, sina majibu mengi.

Jioni nimetoa jamvi uani nikamwaga karafuu za kuchambua, nikakaa kama desturi. Kila mwaka wanakuja wanawake saba, wanane, tunachambua, tunasengenya, mikono inanuka mpaka kesho yake. Leo hakuja mtu. Wa Juu hawaji kwa sababu mie ni wa Chini, wa Chini hawaji kwa sababu mie ni wa Juu. Nimechambua mie na Zuweina. Sitaki kusema kuwa sikuumia. Niliumia.

Mwezi ishirini na mbili, Jumatatu

Micheweni wameleta salamu. Kijana wao, Ahmada, na watu wake wanakuja kumchukua mwari kama ilivyoahidiwa. Kwao nako wamegawanyika, wanasema, basi wanatuelewa.

Rajabu, mwezi tatu, Alhamisi

Nimemsikia Soud nyuma ya choo na Amur. Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Amur kasema, "Harusi ikipita tu, siku ya pili yake." Soud kasema, "Siku ya pili yake. Fundi awe tayari." Halafu kasema, "Lakini mama asijue."

Watoto hurithi vitu vingi.

Mwezi kumi, Alhamisi

Harusi.

Nimepika tangu alfajiri masufuria matatu, mie na Zuweina na wifi yangu mmoja asiyesikia, yeye siasa haikumfika. Nikasema chakula hiki tutakila wenyewe mpaka Ramadhani. Vyama vyote viwili vimekataza watu kuja.

Basi saa tisa kaja Bakar, kakaa mlangoni na karatasi, aandike nani wa kwao kaasi. Baada yake kaja Mabruki, kakaa upande wa pili na karatasi yake. Sasa wa Juu waliposikia Mabruki yuko kwa Bi Mwatum, wakasema wa Chini wote watakuwa kule, twende tukawaone. Wa Chini waliposikia Juu wanateremka, wakasema hatuwezi kuwaachia. Wakaja wote! Wallahi, hata harusi yangu mie haikujaa hivi. Wamekaa pande mbili, wanatazamana kama kuku wageni, na wanakula. Ubwabwa hauna kadi.

Watu wa Micheweni wakafika. Mwanawema katoka ndani, kafunikwa, naona miguu yake tu yenye hina. Soud kakaa kwenye kibao mlangoni, kaliotesha moto kidogo gambusi, kapiga.

Nitasemaje? Ile sauti haiendi mbali, kweli. Inatoka kama mtu aliyefunika mdomo kwa mkono anakwambia siri. Ukitaka kuisikia lazima unyamaze weye. Basi watu wakanyamaza. Bakar kamwinamia mtu wa pembeni yake, namsikia, "Wimbo huu wa nani? Wa kwetu au wa kwao?" Yule hakujua. Kauliza mwengine. Hakuna aliyejua, na karatasini hakuandika kitu.

Kigelegele cha kwanza kilipotoka, kila mtu aligeuka kutazama nani kakianza. Cha pili hawakuwahi kugeuka, kilikuwa chao.

Soud alipiga kwa macho yamefumba. Hajapiga vile maisha yake. Nilimtazama nikasema moyoni, mwanangu anapenda hiki kitu kuliko mie, na kesho atakichoma kisu.

Halafu watu wakalia, mwari akaaga, vyombo vikapakiwa kwenye gari ya ng'ombe. Makasha mawili, magodoro, mikeka. Mie na weye, Zuweina, tulifunga magodoro pamoja chumbani. Andika hivyo. Lile la pili lilikuwa zito kidogo, na Mwanawema kaambiwa asilifungue mpaka afike, na asilifungue mbele ya mtu mwenye kadi, na kwamba babake alimfunza kukaza nyuzi akiwa mdogo kwa sababu fulani, basi ndiyo hii.

Weye uliifunga kamba ile. Fundo ni lako. Sikukulazimisha.

Mwezi kumi na moja, Ijumaa

Jua. Ua umejaa mabua na mifupa.

Asubuhi kaja Amur kanzu imepigwa pasi, kasimama nje anamsubiri Soud. Jecha naye kaja, kasema chama kimesahau yaliyopita, wanaliomba gambusi kwa mkutano wa Jumapili, bila rangi. Wamesimama mlangoni pangu wawili, hawasalimiani. Nikaingia ndani, nikatoa kadi chini ya godoro, nikamrudishia kila mmoja yake. Nilimpa Jecha ya Amur kwanza kwa makosa, wakabadilishana. Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu wamepeana kitu.

Soud kaingia chumbani kwangu. Nasikia anasogeza kitanda. Nasikia anafungua kasha. Katoka, uso umemshuka, anatazama ukuta ulio mtupu kana kwamba kitu kitarudi akikitazama sana.

"Mama. Gambusi liko wapi?"

Amur anasikiliza. Jecha anasikiliza. Zuweina kainamisha kichwa juu ya sinia la mchele, anachambua mchele uliokwisha chambuliwa.

"Mama, nakuuliza. Nani kalichukua?"

Alikuwa na sauti ya mtoto. Nilitaka kumwambia. Wallahi ulimi ulifika menoni. Nikafikiri vile babake alivyokuwa akirudi Alhamisi, mie namuuliza minazi ilikuwaje, ananitazama usoni kwa mapenzi na ananijibu.

Nikamtazama Soud usoni, kwa mapenzi. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Labda mdudu, kalipeleka mtu likatiwe dawa."

Zuweina ananiuliza sasa hivi, "Mama, na hilo niandike?"

Andika.